Jinsi ya kufuatilia stesheni ya zamani ya Kisumu na meli zake

Labda una babu aliyefanya kazi reli, au bibi aliyesafiri kutoka Mombasa kwenda Entebbe kabla ya barabara za lami, na ungependa kujua alikata tiketi wapi na alipanda meli gani. Mambo hayo yanaweza kufuatiliwa, na sehemu kubwa ya kazi haitakugharimu zaidi ya bando la intaneti.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba treni na meli za abiria zilizounganishwa nayo pale Kisumu zilikuwa za shirika moja. Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, ilikuwa na kilomita zaidi ya 900 kutoka Mombasa, lakini Entebbe ilikuwa bado ng'ambo ya maji. Kwa hiyo reli ikaendesha meli zake: Winifred, Sybil, Clement Hill na nyingine zilizofuata, zikienda Entebbe, Port Bell, Jinja, Bukoba na Mwanza. Abiria alishuka kwenye behewa, akatembea hadi gatini na kuendelea na safari. Watu wengi hupoteza muda wakitafuta kampuni ya meli. Wewe tafuta reli, na meli utazikuta humo humo.

Je, nina karatasi gani mkononi? Anza na tiketi kama ipo. Tiketi nyingi za zamani zilikuwa vipande vya kadi ngumu, urefu wa milimita 57 na upana wa 31 hivi, za mtindo uliobuniwa na Mwingereza Thomas Edmondson katika karne ya 19. Ishike karibu na dirisha na uiinamishe kidogo. Mara nyingi tarehe iligongwa ukingoni kwa mashine, na wino ukishafifia alama yake hubaki kwenye kadi. Soma pia stesheni ya kuondokea, ya kufikia, daraja na namba. Namba hiyo ilimsaidia karani kuhesabu mauzo: kila safari na kila daraja vilikuwa na mfululizo wake, na jioni alilinganisha namba ya mwisho na fedha zilizomo kwenye droo.

Kisha tazama herufi za shirika, maana ndizo zitakazokupa kipindi hata kama tarehe imefutika. U.R. ni Uganda Railway, jina lililotumika hadi katikati ya miaka ya 1920. K.U.R. ni reli ya Kenya na Uganda, na ikiongezwa H. ujue bandari zimeingia. E.A.R. & H. ni reli na bandari za Afrika Mashariki, kuanzia 1948 hadi 1969. E.A.R. bila bandari ni kuanzia 1969 hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Baada ya hapo Kenya ikabaki na shirika lake. Chukulia herufi hizi kama makadirio, kwa kuwa tiketi zilizokwisha kuchapwa ziliweza kuendelea kuuzwa baada ya jina kubadilika.

Mbona nikitafuta Kisumu ya mwanzo sipati kitu? Kuna sababu mbili. Kwanza, stesheni iliitwa Port Florence. Pili, hadi mwaka 1902 eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kwa hiyo nyaraka zake za awali zimo kwenye majalada ya Uganda. Ukitafuta chini ya Kenya peke yake utaambulia patupu.

Nianzie wapi bila gharama? Fungua Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalochapisha matangazo, uteuzi na nauli. Matoleo ya tangu wakati wa ukoloni yapo bure kwenye tovuti ya Gazettes.Africa na kwenye Google Books. Usiandike neno la jumla kama "meli", utafurikwa na majibu. Andika jina lenyewe, Clement Hill au Port Florence, na uchague miaka michache kwa wakati mmoja.

Ukiwa Nairobi, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ukiwa na kitambulisho. Mwambie mhudumu mada yako na miaka unayotafuta, akuoneshe orodha za majalada. Uliza ada ya usomaji na bei ya kunakili kabla hujaanza. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, hayako mbali na stesheni kuu ya Nairobi. Hapo kuna kiingilio, na binafsi naona yanafaa sana kwa yeyote asiyewahi kushika vifaa vya ofisi ya tiketi au kuona vya melini.

Aliye Uingereza anaweza kwenda Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London. Kadi ya msomaji ni bure, nakala hulipiwa. Kabla ya 1905 tafuta mfululizo wa FO 2, kwa kuwa wizara ya mambo ya nje ndiyo iliyosimamia maeneo haya. Baada ya hapo tafuta CO 533 kwa Kenya na CO 536 kwa Uganda.

Kisumu kwenyewe, fuata reli kwa miguu, kutoka stesheni kuelekea maji. Utaona jinsi njia ilivyoingia hadi gatini. Bandari ina ulinzi, hivyo omba ruhusa langoni kabla ya kupiga picha. Kumbuka pia kwamba reli ilifika Kampala mwaka 1931 kupitia Nakuru na Eldoret, na msafiri wa Kampala hakulazimika tena kupitia Kisumu. Kama mzee wako alikwenda Kampala baada ya mwaka huo, huenda hakuiona meli kabisa.

Mwisho, waone wastaafu wa reli. Usiwaulize "ilikuwaje zamani", swali hilo ni pana mno. Uliza daraja la tatu walipanga foleni dirisha lipi, meli iliondoka saa ngapi baada ya treni kufika, na treni ikichelewa nani alitoa amri ya kuisubiri. Mzee akikutolea tiketi au kitambulisho cha kazi, kipige picha pande zote mbili kikiwa kando ya rula, umrudishie hapo hapo, na uandike nyuma ya picha jina la stesheni na siku mliyozungumza.