Afya ya Akili ya Walimu: Msaada Unaanzia Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na walimu na wakuu wa shule kwenye semina za unasihi. Nimeyajibu nikizifikiria shule za serikali za Tanzania Bara, hasa za msingi, ambako mzigo ni mkubwa zaidi.

Nikikaribia geti la shule moyo unaenda mbio. Nikirudi nyumbani sitaki kuongea na mtu. Naumwa, au nimechoka tu?

Pole, Mwalimu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua uchovu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likieleza kwamba si ugonjwa bali ni hali inayoletwa na msongo wa muda mrefu kazini. Uchovu huo una dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi uliyokuwa ukiipenda, na kujiona hufanyi lolote la maana darasani. Sonona ni ugonjwa. Huzuni au kutojali chochote hudumu wiki mbili au zaidi, usingizi unavurugika, chakula hakipiti, kichwa hakitulii hata kusahihisha daftari moja.

Njia rahisi ya kujipima ni likizo. Uchovu wa kazi kwa kawaida hupungua ukiwa mbali na shule, ilhali sonona huenda nawe mpaka kijijini kwa wazazi. Lakini kujipima hakutoshi. Moyo kwenda mbio huweza pia kuletwa na upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo, kwa hiyo anza na daktari wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, umweleze yote, ya mwili na ya moyoni. Watu wengi wakisikia afya ya akili wanawaza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, wanaogopa. Wengi wenye sonona hutibiwa wakitokea nyumbani kwao na kuendelea na kazi.

Kila kazi ina shida zake. Kwa nini tuzungumzie walimu peke yao?

Kwa sababu ya hesabu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango katika elimumsingi, na kuanzia Januari 2016 watoto wakafurika shuleni. Ni jambo jema mno. Wapo watoto waliokuwa wakichunga mbuzi ambao leo wanasoma. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi ileile. Mwongozo unataka wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, na walimu wengi wanafundisha zaidi ya 100. Chukua darasa la watoto 120. Mwalimu akitumia dakika moja tu kwa kila daftari la hisabati, zoezi moja limemla saa mbili. Bado hajaandika andalio la somo la kesho, bado yuko zamu, bado ana masomo mengine.

Mimi ni mwalimu mkuu. Sina fungu la fedha kwa ajili ya jambo hili. Nifanye nini?

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana katika shule ninazozifahamu, tofauti kati ya walimu waliotulia na walimu waliovunjika moyo mara nyingi imetokana na mtu aliyeketi katika ofisi kama yako. Mishahara ileile, madarasa yaleyale, hali mbili tofauti.

Kwanza, usimkaripie mwalimu mbele ya wanafunzi wala wazazi, hata kama amekosa. Mwalimu aliyedhalilishwa mstarini asubuhi ataingia darasani na watoto 100 walioshuhudia, na siku hiyo hafundishi. Vivyo hivyo matokeo ya mitihani. Zipo shule ambako kila mwalimu husimamishwa kikaoni akasomewa alama za somo lake kama mshtakiwa. Zungumza naye peke yake, muulize darasa lina watoto wangapi na vitabu vingapi, kisha mpange pamoja.

Pili, angalia ratiba kwa jicho la haki. Mara nyingi mwalimu mmoja mwenye bidii ndiye mwenye vipindi vingi, taaluma, michezo na zamu ya mwenzake. Huyo hatalalamika, na ndiye atakayeanguka. Aliyefiwa, aliyetoka uzazi, anayeuguza, mpunguzie vipindi kwa wiki chache za mwanzo. Wenzake watakubali wakijua kwamba zamu yao ikifika nao watapunguziwa.

Tatu, kundi la WhatsApp la shule lilale usiku. Agizo la saa nne usiku kwamba takwimu ziwe mezani saa moja asubuhi linaiba usingizi wa watu wote, na mara nyingi takwimu zenyewe zingeweza kusubiri.

Ukimwona mwalimu amebadilika, anachelewa, anafoka, ananuka pombe asubuhi, usianze na barua ya onyo. Mwite, funga mlango, sema: "Mwalimu, siku hizi sikuoni kama zamani. Kuna nini?" Halafu nyamaza umsikilize. Nidhamu ya kazi ina nafasi yake, ila ije baada ya kujua unashughulika na utoro au na mgonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza viongozi wafundishwe kuwasaidia walio chini yao. Hilo halihitaji jengo jipya.

Walimu wangu wengi wana madeni. Hilo nalo ni afya ya akili?

Ndiyo, tena sana. Mshahara wa mtumishi wa umma unalindwa na kanuni ya theluthi moja: makato yasiuache chini ya hapo. Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, unapita nje ya ulinzi huo, kwa sababu mkopeshaji anachukua kadi ya benki na namba ya siri, anakwenda kwenye mashine mwenyewe siku ya mshahara. Mwalimu anafundisha mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine, na nyumbani hawajui. Kadi na namba ya siri asipewe mtu yeyote, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Aliyekwisha kunaswa aanze kwa kumwambia mwenzi wake, kisha apeleke mkataba wake kwa mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi au mwanasheria wa halmashauri. Kikoba cha walimu wenyewe, chenye riba ndogo, kimeokoa wengi.

Mwenzetu amesema amechoka kuishi. Tunaogopa hata kumuuliza.

Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, dawa za shamba na sumu ya panya ziondolewe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa na mtu anayemwamini. Familia nyingi huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa sheria. Msifiche, mpelekeni.

Halmashauri ianze na nini?

Na mgawanyo wa walimu. Zipo shule za mjini zenye walimu wa kutosha wa somo moja, na shule za pembezoni ambako walimu wachache wanabeba madarasa yote saba. Kisha ilipe malimbikizo na kushughulikia upandaji madaraja kwa wakati. Na afisa elimu kata anapokuja kukagua mahudhurio na maandalio, aulize pia kila mwalimu ana vipindi vingapi na ni nani anayeugua.

Nawe Mwalimu uliyejiona katika swali la kwanza, omba ruhusa wiki hii uende hospitali. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema unakwenda kutibiwa. Inatosha.