CD Mbili, Je, Ni Pacha?

Maktaba yetu ina CD moja ya masomo ya Jiografia yenye ramani nyingi, nayo imeanza kuchubuka. Mwalimu ametaka chama cha kompyuta kitoe nakala, kisha ile ya asili ifungiwe kabatini. Hapana budi basi tujue kwa hakika kama nakala imetimia, kwani ikipungukiwa ramani moja hatutajua mpaka siku ya kuihitaji, na siku hiyo yamkini ile ya asili haisomeki tena.

Wengi hutazama majina ya mafaili, wakayaona ni yale yale, wakaridhika. Mimi siridhiki. Jina la faili ni kama jina juu ya bahasha. Barua iliyomo ndani yaweza kuwa nyingine. Wala ukubwa si ushahidi, maana herufi moja ikigeuka ukubwa haubadiliki.

Njia ya haki ni kulinganisha baiti kwa baiti. CD ya data hugawanywa katika sekta, kila moja ikichukua baiti 2,048, na CD ya dakika 80 ina sekta 360,000 hivi. Kompyuta ya Linux hufanya kazi hiyo kwa amri iitwayo cmp, nayo hutaja mahali pa kwanza palipotofautiana. Lakini sisi tuna kisomeo kimoja tu cha CD! Kwa hiyo twatumia hesabu iitwayo SHA-256. Kompyuta husoma CD yote, ikatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Twauandika daftarini, twatia CD ya pili, twasoma tena. Baiti moja tu ikigeuka, mfuatano wote huvurugika. Nakala yetu ya kwanza haikulingana, tukaitupa; ya pili ililingana zote 64.

Wengine hutumia MD5, iliyotungwa na Ronald Rivest mwaka 1991. Kwa kugundua mikwaruzo yatosha, ila mwaka 2004 wataalamu wa China walionyesha mafaili mawili tofauti yenye jibu moja, hivyo mjanja aweza kukudanganya kwayo.

Kuna jambo liwasumbualo wengi. Kichomeo cha CD mara nyingine huongeza sekta mbili tupu mwishoni, na ukisoma mpaka ukingoni majibu hutofautiana ingawa masomo ni yale yale. Dawa yake ni kuiuliza kompyuta idadi ya sekta za data kwa amri ya isosize, kisha kusoma idadi hiyo tu katika CD zote mbili.

CD za nyimbo ni shauri jingine. Sekta zake ni za baiti 2,352, na visomeo havianzi kusoma mahali pamoja kabisa, hata CD ile ile yaweza kutoa majibu mawili katika kompyuta mbili. Hizo zilinganishwe katika kisomeo kimoja.