Bioteknolojia Ujerumani: Vidokezo vya Kuupata Ufundi, Si Cheti Tu

Umepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya bioteknolojia Ujerumani, au ndiyo kwanza unaitafuta. Alama nzuri ndizo zitakazokuingiza chuoni. Kwenye usaili wa kazi swali hugeuka: umefanya nini kwa mikono yako, na kilipoharibika ulifanyaje? Haya yatakusaidia kulijibu.

1. Soma Modulhandbuch, brosha iache. Ni kitabu cha masomo cha kila programu, na vyuo vingi hukiweka mtandaoni. Humo utakuta saa za mihadhara na saa za Praktikum, yaani za maabara. Programu mbili zenye jina lilelile zinaweza kupishana sana: huku unashika vifaa kila wiki, kule unatazama slaidi. Fuata maabara, hata kama chuo chenyewe hakina jina kubwa.

2. Ipe pipeti heshima yake. Pipeti ya kubonyeza kwa dole gumba ilibuniwa Marburg mwaka 1957 na Heinrich Schnitger, zama ambazo watafiti walikuwa bado wakifyonza vimiminika kwa mdomo kupitia mrija wa kioo. Ukiitazama utadhani ni kazi rahisi. Sasa fikiria PCR: kila mzunguko huongeza vinasaba maradufu, na baada ya mizunguko 30 nakala moja huweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Chembe ya uchafu iliyodondoka kutoka sampuli ya jirani nayo huongezeka vivyo hivyo. Ndiyo maana unabadilisha ncha kila mara, na pembeni unaweka mrija wenye maji tu mahali pa sampuli. Maji yakitoa jibu chanya, kazi ya siku nzima inatupwa na unaanza upya. Usiikimbie siku hiyo. Mhitimu aliyewahi kuusaka uchafu hatua kwa hatua mpaka akaukuta kwenye chupa ya maji, mimi namthamini kuliko yule aliyeandaliwa kila kitu na fundi wa maabara, majibu yakatoka safi.

3. Usalama ni sehemu ya ufundi. Kwetu Tanzania, Marburg ni jina la ugonjwa ulioua watu Kagera mwaka 2023. Jina hilo limetoka kwenye mji huohuo wa pipeti: mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua pale baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Leo maabara za Ujerumani zinazofanya kazi na viumbe waliobadilishwa vinasaba hupangwa katika ngazi nne, S1 hadi S4. Jitahidi upate uzoefu wa S2, waajiri huuliza.

4. Tafuta kazi ya Hiwi. Ndivyo wanafunzi wanavyoiita kazi ya msaidizi chuoni. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, na kazi ya Hiwi haihesabiwi humo. Kuosha vyombo mgahawani ni riziki halali kabisa, lakini saa zilezile ukizitumia kuandaa chakula cha bakteria na kuendesha otoklevu, unalipwa huku unajifunza.

5. Andika kila kitu siku hiyohiyo: tarehe, namba ya toleo la kemikali, joto, kilichokwama. Kwenye viwanda vya dawa na chanjo, kisichoandikwa huhesabiwa hakikufanyika.

6. Ukimaliza kazi yoyote, omba Zeugnis, barua ya mwajiri. Sheria inampa mfanyakazi haki hiyo. Hakikisha inataja mbinu ulizozitumia, moja baada ya nyingine.

7. Chagua utafiti wenye milango huku na kule. Baada ya kuhitimu utapewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yako, na miezi hiyo hukimbia. Anayejua teknolojia ya mRNA ana pa kubisha hodi Mainz kwa BioNTech, na pia Kigali, ambako kampuni hiyo ilianza kusimika kiwanda chake cha makontena mwaka 2023. Anayependa mimea aitazame taasisi ya DSMZ ya Braunschweig, inayochunguza virusi vya muhogo. Batobato na michirizi kahawia ndiyo maradhi yanayowanyima usingizi watafiti wa kituo cha kilimo cha TARI Mikocheni na wakulima wetu. Natamani vijana wengi zaidi washike njia hii ya pili, maana mkulima wa muhogo ana wachache wa kumsemea kwenye maabara za ughaibuni. Ila sampuli za mimea hazivuki mpaka kiholela: kuna vibali vya afya ya mimea, na kuna masharti ya Itifaki ya Nagoya kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki. Basi waandikie watafiti wa nyumbani katika muhula wa pili. Ukingoja wa nne, utahitimu vibali vingali mezani kwa mtu.