Je, Kamera Inaweza Kukumbuka kwa Niaba Yako?



Una picha ngapi kwenye simu yako? Juzi simu yangu iliniambia nafasi imejaa, nikaanza kufuta. Nikakuta picha za siku ambayo siikumbuki kabisa. Nipo pale, nacheka, na sijui nilikuwa nacheka nini. Jamani, picha ipo, kumbukumbu haipo!

Leo tujifunze kwa mama mmoja wa Uingereza. Watafiti walimwita Bi. B tu, ili kumsitiri. Alikuwa na miaka 63, na ugonjwa wa kuvimba ubongo ulikuwa umemharibia uwezo wa kushika mambo mapya. Anatoka matembezini, siku chache zikipita ni kama hakwenda.

Wataalamu wa Hospitali ya Addenbrooke's, mjini Cambridge, walimpa kamera ndogo iitwayo SenseCam, iliyobuniwa na maabara ya utafiti ya Microsoft mjini humo. Inaning'inia kifuani kama msalaba wa kamba. Hubonyezi kitu. Mwanga ukibadilika, ukisogea, au mtu akitokea mbele yako na joto la mwili wake likahisiwa, inapiga yenyewe. Kwa siku moja inapata mamia ya picha.

Sasa sikia penyewe. Bi. B hakuiachia kamera kazi ya kukumbuka. Kila baada ya siku mbili, kwa muda wa wiki mbili hivi, mume wake alimwuliza kwanza: unakumbuka nini? Ndipo walipotazama picha kwenye kompyuta, zikipita haraka haraka kama filamu. Ripoti iliyotoka 2007 inasema alifikia kukumbuka takriban asilimia 80 ya matukio yale. Miezi 11 baadaye bado alikuwa nayo, ingawa miezi 3 ilikuwa imepita bila kuzitazama picha. Kwa shajara ya maandishi alifika asilimia 49 hivi, na mwezi mmoja bila kuisoma, yote yakapotea.

Ni mgonjwa mmoja tu, tusikimbilie kusema kila mtu atapona hivyo. Lakini ona kilichomsaidia: kurudia. Picha ilimshtua, akili yake ndiyo iliyokwenda kutafuta. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, anaeleza kumbukumbu kama ghala kubwa: vitu vingine ukiviita vinakuja mara moja, vingine mpaka uvichimbue. Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kuipitia siku yako, saa kwa saa, bila kifaa chochote. Mimi picha zangu zile sikuwahi kuzirudia hata mara moja. Ningekumbukaje?

Kuna upande mwingine, nao si mdogo. Kamera ya shingoni haimwoni mvaaji, inawaona wengine. Siku hizi kuna miwani yenye kamera na vidude vya kuvaa vinavyorekodi sauti kutwa nzima. Rafiki yako anakueleza yaliyompata nyumbani kwao, kumbe kifaa kinasikiliza. Je, ulimwuliza? Kwa Bi. B ilikuwa tiba. Kwako wewe ni nini?

Na ukienda kuungama, kivue kabisa, kiache nje. Hili si suala la adabu tu. Kwa amri ya Vatikano ya mwaka 1988, aliyerekodi maungamo kwa chombo chochote, au kuyatangaza kwenye vyombo vya habari, aliangukia adhabu ya kutengwa na Kanisa, na hadi leo ni kosa linaloadhibiwa na sheria ya Kanisa kulingana na uzito wake. Awe padre, awe muungamaji, ni mamoja.

Zoezi la wiki hii: usiku, kabla ya kugusa simu, itaje siku yako tangu ulipoamka. Umekutana na nani? Alisema nini? Halafu fungua picha uone ulichosahau. Mimi jana nilikuwa nimemsahau kabisa mama wa maandazi aliyenikimbilia mpaka kituoni na chenji yangu. Wala hakuwa kwenye picha. Nilimkumbuka nilipofika saa ya kupanda basi.