Tangi la Choo Linalokawia Kujaa

Katika Gatitu, karibu na mji wa Nyeri, zimo nyumba za kupanga ambamo jamaa kadhaa hutumia choo kimoja cha kuvuta maji. Asubuhi watu hufuatana. Ikiwa tangi lachukua dakika kumi kujaa, mtu wa pili hukuta maji kidogo yasiyoweza kuondoa uchafu, na wa tatu huondoka bila kuvuta kabisa. Uchafu ukibaki, nzi huja, na nzi hao hao hutua juu ya chakula cha watoto. Kwa hiyo jambo hili si usumbufu tu.

Aghalabu mwenye nyumba huambiwa anunue tangi jipya, naye hutoa fedha bure, kwa maana tangi ni chombo cha kuwekea maji tu. Kinachoyaingiza maji ni vali ndogo yenye boya. Maji yakishuka, boya hushuka na vali hufunguka. Yakipanda, boya huinuka na kuifunga. Tangi la lita 9, yaani kama nusu debe, lapaswa kujaa kwa muda wa dakika moja na nusu au mbili.

Kwanza itazamwe koki iliyo karibu na tangi. Huenda fundi aliyekuja kwa kazi nyingine aliifungua nusu akaenda zake. Ikiwa imefunguka yote, hapana budi kujua kama udhaifu uko katika bomba au katika vali, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huanza kufungua vali kabla ya kupima. Mwenye nyumba afunge koki, alegeze kwa spana nati ya bomba liingialo tangini, aelekeze ncha ya bomba katika ndoo, kisha afungue koki tena. Kopo la lita moja likijaa kwa sekunde 10 au chini yake, bomba halina neno. Kosa limo katika vali.

Sasa afunge koki na kuitazama vali. Vali nyingi zina kichujio kidogo penye mlango wa maji, nacho huziba kwa mchanga. Mito ishukayo kutoka milima ya Nyandarua, kama Chania, huchafuka sana wakati wa mvua za Aprili. Maji ya mjini husafishwa, lakini bomba la njiani likipasuka na kutengenezwa, udongo huingia ndani yake na kusafiri mpaka nyumbani. Kichujio kitolewe, kioshwe kwa mswaki wa zamani, kirudishwe. Wako mafundi wanaokitupa ili maji yapite upesi. Hilo ni kosa, kwani mchanga utakwama katika raba ya vali, nayo haitafunga tena. Maji yatamwagika usiku kucha, na mita itayahesabu yote.

Ikiwa kopo lilikawia kujaa, basi vali haina hatia. Bomba la chuma la miaka mingi huota kutu ndani hata njia ikawa nyembamba kama kalamu, na dawa yake ni kulibadili. Lakini siku hizi sababu nyingine imezidi. Kwa kuwa maji hutolewa kwa zamu mahali pengi, watu wameweka matangi makubwa juu ya paa. Maji yaliyo mita 10 juu ya choo husukuma kwa nguvu ya pauni 14 hivi katika kila inchi ya mraba. Yaliyo mita 2 tu juu yake hayafikii hata pauni 3. Ndiyo maana katika nyumba ya ghorofa mpangaji wa chini huona choo chake chajaa upesi, na yule wa juu kabisa, aliye karibu na tangi, hungoja.

Mtu wa juu aweza kusaidiwa kwa njia mbili. Tangi laweza kuinuliwa juu ya jukwaa imara, ijapokuwa lita 1,000 za maji zina uzito wa tani nzima, na si kila paa litachukua mzigo huo. Njia iliyo rahisi zaidi ni kutazama tundu la vali. Vali iliyotengenezwa kwa maji ya nguvu ina tundu la milimita 3 hivi. Ile ya maji ya tangi la paa ina tundu la milimita 6. Tundu lenye upana mara mbili lina nafasi mara nne. Basi anunuapo vali, mwenye nyumba amwambie muuza duka wazi kwamba maji yake yatoka darini.

Mara chache vali na bomba vyote ni vizima, lakini maji yavuja chini na kuingia katika bakuli huku mengine yakiingia juu. Koki ifungwe tangi likiwa limejaa, mstari wa penseli uchorwe penye usawa wa maji, na baada ya robo saa mtu arudi kutazama. Maji yakiwa yameshuka, raba ya chini ya tangi ndiyo ya kubadilishwa.