JINA LA MTU, KITABUNI NA JAMVINI



Jioni moja ya msimu wa karafuu tulikaa jamvini tukitenga karafuu na makonyo. Mwenzetu mmoja akatusimulia riwaya aliyokuwa akiisoma, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Hadithi yenyewe ni ya Unguja ya zamani za Mwingereza. Alipofika pale Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume wa makamo ya baba yake, anapomkimbia mumewe na kukataliwa na jamaa zake, mikono yetu ilisimama. Tulimwonea huruma, na Mwajuma aliyempokea tulimwombea baraka.

Haukupita muda, mazungumzo yakageukia binti mmoja wa huku kwetu, ambaye hajaonekana kanisani tangu Pasaka. Huyu alisema hili, yule akaongeza lile. Safari hii mikono haikusimama. Karafuu zilichambuliwa, na jina la binti yule likachambuliwa pamoja nazo.

Basi tumeona yafaa tujifunze jambo hili mwezi huu. Kwa nini twapenda sana hadithi za mapenzi ya zamani zenye kashfa ndani yake? Na kwa nini yule tunayemlilia kitabuni, akitokea mlangoni petu twamhukumu?

1. Jina ni mali

Sababu ya kwanza twaijua sisi watu wa kisiwani kuliko wengi. Kutoka Wete hata Mkoani hakuna mgeni kamili. Ukitaja jina lako utaulizwa wewe ni wa nani. Zamani mfanyabiashara alipewa bidhaa kwa jina lake kabla hajalipa, na binti aliposwa kwa jina la nyumba yao. Jina likiharibika, hasara humfika baba, ndugu, hata mjukuu.

Ndiyo maana riwaya hizi zina nguvu. Mahali ambapo jina ni mali, barua moja yaweza kuivunja nyumba, na mtu kuonekana dirishani ni jambo zito. Msomaji hushika pumzi kwa kuwa ajua kuna cha kupoteza. Waandishi wa Uingereza wafanya vivyo hivyo wanapoandika habari za karne ya 19: msichana akionekana peke yake na kijana, posa zake zaweza kukoma. Nchi ni mbali, lakini msomaji wa Pemba haelezwi mara mbili.

2. Kisa cha Salme

Tunacho kisa cha kweli cha kwetu, kilichowavuta watu wengi kushika kalamu. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan. Alipokuwa msichana mkubwa alipendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg. Akashika mimba. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden, na huko akajifungua.

Tazameni nani aliyelipa. Ruete alibaki Unguja miezi kadhaa akimaliza biashara zake, ndipo akamfuata. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, Salme alibatizwa katika kanisa la Kiingereza, akaitwa Emily, na siku ile ile wakafunga ndoa. Ubatizo ule ulikuwa jeraha kwa jamaa zake Waislamu, na yafaa tuliseme hilo kwa heshima. Mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga. Mwaka 1870 Ruete aligongwa na tramu mjini Hamburg, akafa. Salme akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 alirudi Unguja, lakini nduguye Sultani Barghash alikataa kumwona. Alikufa Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya kwao aliokuwa ameutunza.

Mwaka 1886 Salme mwenyewe alitoa kitabu cha maisha yake. Aliandika habari za majumba, mavazi, karamu na fitina za ndugu. Mimba aliyoondoka nayo hakuitaja. Miaka 20 ilikuwa imepita, yuko mbali na kwao, na bado alikuwa akililinda jina lake. Wengine wakaja kusimulia alichokiacha. Mwandishi wa Kijerumani Nicole C. Vosseler alimtungia riwaya nzima mwaka 2010, na wasomaji wakampenda binti yule aliyefungiwa mlango na nduguze.

3. Kitabu chajua, jamvi halijui

Hapa twaiona sababu ya pili. Riwaya hutuingiza ndani. Twaona usiku aliokesha, barua aliyoichana, hofu aliyokuwa nayo. Jamvini hatuna hayo. Tunayo methali tu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni ya kweli mara nyingi, walakini haisemi lililopo ni lipi wala limemgharimu nini mwenyewe.

Tena kitabu huenda mbali kuliko uvumi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika riwaya iitwayo Desertion, iliyotoka mwaka 2005. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, Rehana apendana na Mwingereza, na watu wasema. Miaka mingi baadaye, Unguja, kijana Amin ampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Wazazi wake wamkataza kwa sababu ya jina la nyumba ile. Msichana alipa deni la bibi yake. Waliolisema neno lile mwanzo hawakukaa kuona limefika wapi.

Sababu ya tatu ni ngumu kuikiri. Twamhurumia Salme kwa kuwa hatudai kitu. Hakuna awezaye kutuuliza kwa nini tulisalimiana naye. Huruma kwa mtu wa kitabuni haina gharama. Huruma kwa jirani yaweza kutugharimu jina letu wenyewe. Mwajuma aliilipa gharama hiyo, na ndiyo maana twampenda.

4. Yusufu mtu wa haki

Someni Mathayo 1:18 hadi 25. Yusufu alikuwa na habari iliyoweza kulivunja jina la Mariamu mji mzima. Kabla malaika hajamjia, kabla hajajua lolote la kumtetea, alikwisha kukusudia kutomwaibisha mbele ya watu. Mwinjili amwita mtu wa haki. Haki yake ilianza kwa kunyamaza, wakati yeye mwenyewe alijiona amedhulumiwa.

Hatusemi kwamba dhambi si dhambi, wala kwamba wazazi wasiwaonye watoto wao. Twasema kwamba kuonya hufanywa uso kwa uso, na uvumi hufanywa kisogoni. Wala hatusemi msisome riwaya. Someni, na mkilia, lieni. Kisha chozi lile lichukueni mpaka kwa jirani.

Binti yule tuliyemtaja mwanzo, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepiga hodi kwao. Juma lililofuata wawili walikwenda. Walichoambiwa hatukiandiki, maana si chetu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika hadithi uliyoipenda, nani alilipa gharama ya kashfa, na nani hakulipa kitu?

2. Kwa nini Salme aliificha habari ya mimba katika kitabu chake? Je, alikosea?

3. Yusufu alitaka kufanya nini kabla ya ndoto? Sisi tungefanya nini?

4. Yuko nani mtaani kwetu ambaye jina lake twalitaja sana, na mlango wake hatuujui?