Kompyuta ya Kurekodia: Pesa Iende Wapi?

SWALI: Nataka kurekodi sauti na gitaa chumbani kwangu. Muuzaji ananisukumia kompyuta ya magemu yenye kadi kubwa ya picha. Nimsikilize? Msomaji, Mwanza

JIBU: Usimsikilize. Kadi ya picha haikusaidii kitu katika kurekodi, na kelele za feni zake zitaingia kwenye maikrofoni yako. Laptop iliyotumika, yenye SSD na RAM ya GB 16, itakufaa zaidi. GB 8 zinatosha kuanzia kama hutumii ala nyingi za kidijitali. Tena umeme ukikatika katikati ya ubeti, betri inakuokoa.

Pesa inayobaki iende kwenye kadi ya sauti ya nje, ile ya USB. Wengi hulaumu prosesa wanaposikia sauti yao ikichelewa kwenye hedifoni, kumbe tatizo ni kadi ya ndani na draiva yake. Chagua kadi ya nje yenye njia mbili, moja ipokee gitaa moja kwa moja, na itoe volti 48 kwa maikrofoni za kondensa. Kwenye Windows, weka draiva ya ASIO ya mtengenezaji mwenyewe. Unaporekodi, bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) iwe sampuli 128: kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni kama milisekunde 2.7 tu. Ukifika kwenye kuchanganya, ipandishe hadi 1,024 ili prosesa ipumue.

Spika? Zisubiri. Anza na hedifoni zilizofungwa, zisizovujisha biti kwenye maikrofoni.